Mlango wa Lori Ukikataa Kufunga: Somo la Kupanga Bodi na Kuzuia Kutu Kebini

Ukipita Barabara ya Jogoo asubuhi, kati ya Kaloleni na soko la Burma, bado utayaona: Bedford zenye pua bapa, Isuzu za miaka mingi, na malori mengine yenye namba za usajili za zamani kabla ya mfululizo wa KAA. Yanabeba mchanga, maji, vyuma chakavu na mizigo ya soko. Kwa familia nyingi za Eastlands, lori la aina hii ndilo karo, kodi ya nyumba na chakula cha jioni.

Malori haya hayabadilishwi kwa urahisi. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na lori jipya ni gharama ambayo mwenye lori moja haimudu. Injini ikichoka hufunguliwa na kutengenezwa upya. Chasisi ikipasuka huchomelewa. Kinacholiua lori mapema ni kebini: kutu hula sakafu, nguzo na vizingiti, milango hukataa kufunga, na siku ya ukaguzi lori hurudishwa nyumbani.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao. Tangu siku hizo imekuwa jirani ya reli, karakana na viwanda, na ufundi wa vyuma si jambo geni hapa. Somo hili ni kwa mwenye lori anayetaka kujua anacholipia, kwa dereva, na kwa kijana anayejifunza kazi ya bodi gerejini.

KUTU INAVYOFANYA KAZI

Kutu hutokea pale chuma, maji na hewa ya oksijeni vinapokutana. Ukikosekana mmoja wa hao watatu, kutu haianzi. Kazi yote ya rangi, nta na raba za vioo ni kuwatenganisha. Chumvi huharakisha mambo, na ndiyo sababu lori linalokwenda Mombasa mara kwa mara, au linalobeba samaki au mbolea, huoza haraka kuliko lile linalozunguka Nairobi pekee.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza katikati ya mabati mawili yaliyounganishwa, hufura na kuyasukuma yaachane. Ndiyo maana utaona rangi imevimba kama lengelenge kwenye kiungo, na ukiibandua unakuta unga mwekundu. Lengelenge la ukubwa wa shilingi kwa nje mara nyingi lina shimo kubwa zaidi kwa ndani, kwa sababu kutu ya kebini huanzia upande usioonekana.

Kwa sababu hiyo, mapengo ya milango na kutu ni habari moja. Mlango uliolegea huingiza maji. Maji hukaa chini ya mkeka wa sakafu. Sakafu na kizingiti vikioza, nguzo inayoshika bawaba hupoteza mguu wake, na mlango hulegea zaidi. Anayenyoosha mlango bila kutazama kutu atarudi gerejini mwezi ujao. Anayeziba kutu bila kurekebisha mlango atakaribisha maji mapya.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA UGONJWA KABLA YA DAWA

Osha lori, liegeshe mahali tambarare bila mzigo, na uhakikishe tairi zina upepo sawa kulia na kushoto. Ondoa mikeka, magunia na kila kitu kilichotandikwa sakafuni. Kisha kagua sehemu hizi, moja baada ya nyingine:

• mfereji mdogo unaozunguka ukingo wa paa;
• pembe za chini za raba ya kioo cha mbele;
• sakafu, hasa mahali dereva anapoweka visigino;
• kizingiti chini ya kila mlango;
• mguu wa nguzo ya mbele, ile inayobeba bawaba;
• pembe za nyuma za kebini, ambako tairi hurusha tope;
• sehemu ya chini ya mlango wenyewe, kwa ndani;
• mahali kebini inapoketi juu ya chasisi;
• mahali pa betri, kwa kuwa asidi hula rangi na chuma.

Zana unazohitaji ni tatu na ni za bei nafuu. Kwanza ni bisibisi: bonyeza kwa nguvu kiasi, na chuma kizima hakitabonyea. Pili ni nyundo ndogo: gonga polepole usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Tatu ni sumaku iliyofungwa kwa kitambaa chepesi ili isikwaruze rangi. Ipitishe juu ya bodi. Mahali inapoteleza bila kushika, ujue hapo pana puti nene badala ya bati. Mtu anayetaka kununua lori kuukuu asiende bila sumaku mfukoni.

HATUA YA PILI: SOMA MAPENGO

Pengo kati ya mlango na kebini husema mengi kwa anayejua kulisoma. Kata kipande cha ubao au plastiki chenye unene wa milimita 5, kingine milimita 3 na kingine milimita 8. Hivyo ndivyo vipimo vyako. Usitafute pengo dogo kama la gari jipya la saluni. Katika lori la zamani, pengo linalolingana kutoka juu hadi chini ni muhimu kuliko pengo jembamba.

Tuseme mlango wa dereva una bawaba upande wa mbele. Unapima pengo la nyuma, upande wa kufuli: juu ni milimita 3, chini ni milimita 8. Unapima pengo la mbele, upande wa bawaba: juu ni 8, chini ni 3. Maana yake ni kwamba mlango umeinama, na upande wake wa kufuli umeshuka. Sasa swali ni kwa nini.

Fungua mlango nusu, ushike chini ya upande wa kufuli, uinue kwa mikono huku mwenzako akitazama bawaba. Majibu ni matatu:

1. Pini inacheza ndani ya bawaba. Bawaba imelika. Badilisha pini na bushi zake. Hii ndiyo kazi rahisi.

2. Bawaba haichezi, lakini inasogea juu ya nguzo. Bolti zimelegea au matundu yake yamepanuka.

3. Bawaba na nguzo vinasogea pamoja. Nguzo imeoza mguuni. Hapa kukaza bolti hakutasaidia kitu. Kazi ni ya kuchomelea.

Ikiwa hakuna kinachosogea na bado mapengo hayalingani, pima uwazi wa mlango wenyewe. Chukua futi ya kamba, upime kutoka kona ya juu mbele hadi kona ya chini nyuma, kisha kutoka kona ya juu nyuma hadi kona ya chini mbele. Uwazi wa mlango wa lori si mstatili kamili, kwa hiyo usishangae vipimo hivi viwili vikitofautiana. Unacholinganisha ni upande wa kulia na upande wa kushoto. Mshazari mmoja ukiwa mrefu kwa milimita 10 upande wa dereva kuliko mshazari kama huo upande wa abiria, kebini imepinda. Ama iligongwa, ama kizingiti kimeoza, ama raba zinazoibeba zimebonyea.

HATUA YA TATU: PANGA KUANZIA CHINI NA KATIKATI

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na kinachoonekana: boneti imekaa vibaya, basi boneti inapigwa nyundo. Mpangilio sahihi huanza na kitu kinachobeba vingine.

Kwanza, kebini juu ya chasisi. Pima urefu kutoka chasisi hadi sakafu ya kebini katika kila raba, kulia na kushoto. Raba iliyobonyea hushusha upande mmoja, na fenda na boneti hufuata. Kebini huinuliwa kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake, kidogo kidogo, na chini yake kuwekwe stendi imara. Mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya kebini iliyoshikwa na jeki peke yake. Fundi akikata raba kutoka kwenye tairi kuukuu, kama ilivyo desturi ya jua kali, azikate zote kwa unene mmoja na azibadilishe zote siku moja. Raba mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine ni kupinda upya.

Pili, milango ndani ya kebini. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, chora mstari kuzunguka bawaba kwa chaki au msumari, ili ujue ulipoanzia. Ondoa kile chuma cha nguzoni ambacho ulimi wa kufuli hukishika, ili mlango ujifunge bila kuvutwa na chochote. Legeza bolti za bawaba moja tu, sogeza kidogo, kaza, funga mlango, pima. Ukilegeza bawaba zote mbili kwa pamoja utapoteza alama zako. Washa nyembamba nyuma ya bawaba huweza kusukuma mlango pale sehemu moja inapozama kuliko nyingine. Mlango ukikaa sawa ndipo urudishe chuma cha kufuli, ukikipanga kwa mlango. Kazi ya kufuli ni kuushika mlango. Ukiona mlango unainuka kidogo unapofunga, ujue kufuli linabeba mzigo wa bawaba, na litakatika siku moja barabarani.

Tatu, fenda zifuate milango. Nne, katika malori yenye pua, boneti iwekwe katikati ya fenda mbili. Tano na mwisho, grili na bampa. Kila kimoja hupangwa kwa kilichotangulia. Fanya hayo yote na raba za milango zikiwa mahali pake, kwa sababu raba mpya husukuma mlango nje na kubadilisha vipimo.

Mpangilio huu ufanywe kwanza bila rangi. Bodi ikikubali kukaa sawa ikiwa tupu, ifunguliwe, itibiwe kutu, ipakwe rangi na irudishwe.

HATUA YA NNE: TIBA YA KUTU

Kutu ina madaraja matatu, na kila daraja lina tiba yake.

Kutu ya juu juu. Chuma bado kinalia. Kikwangue kwa brashi ya waya na msasa hadi king'ae. Mahali penye vishimo vidogo ambapo msasa haufiki, pakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka lisilooza. Fuata maagizo ya chupa, pasafishwe na pakauke kabisa, kisha praima siku hiyo hiyo. Chuma kilichong'arishwa na kuachwa wazi usiku mmoja wa Julai, na umande wa Nairobi, asubuhi huwa kimeanza tena.

Kutu iliyochimba. Bati limekuwa jembamba lakini halijatoboka. Likibonyea kwa bisibisi, lihesabu kuwa limetoboka.

Kutu iliyotoboa. Hapa hakuna dawa ya chupa. Kata hadi ufike chuma kizima, hata kama shimo litakuwa kubwa mara tatu ya ulivyotarajia. Kiraka kikichomelewa juu ya bati lililooza hakina cha kushika. Tumia bati la chuma lenye unene unaokaribiana na la kebini. Geji 18, ambayo ni takriban milimita 1.2, hufaa katika sehemu nyingi. Usitumie kipande cha mabati ya paa. Ni membamba mno, na zinki iliyoyafunika ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa, kikohozi na maumivu ya kifua.

Kabla ya kukata kizingiti au mguu wa nguzo, chomelea kwa muda fito mbili za chuma ndani ya uwazi wa mlango, ili zishike kona zake zisisogee. Anayesahau hatua hii huweka kizingiti kipya kizuri ndani ya uwazi uliopinda, na mlango haukubali tena.

Choma kwa vitone vifupi, ukiruka kutoka upande huu hadi ule, na uache chuma kipoe. Mstari mrefu wa moto hupinda bati. Toa waya wa betri kabla ya kuanza. Ondoa au ulinde mabomba ya mafuta, uwe na kizimamoto karibu, na usichomelee tangi lililowahi kuwa na mafuta hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kisha zingatia utaratibu huu: praima ya epoksi kwanza, puti baadaye. Puti ya kawaida hunywa maji kama sifongo. Ikipakwa moja kwa moja juu ya chuma, kutu itaanzia chini yake huku nje kukiwa kunang'aa. Puti isizidi milimita 2 au 3. Ni ya kulainisha, si ya kujenga bodi. Ziba viungo kwa gundi maalumu ya viungo vya bodi, ndipo rangi ifuate. Praima yenye zinki nyingi hufaa sehemu za chini, kwa sababu ile ile inayofanya mabati ya paa yadumu: zinki huliwa kwanza na kukiacha chuma.

Mwisho, ndani ya vizingiti, nguzo na milango, mahali brashi haifiki, pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi. Mengi huzibwa kwa rangi, puti au tope, na mlango hugeuka ndoo.

JIRANI NA MTOTO WA JIRANI

Gereji nyingi za Eastlands ziko hatua chache kutoka nyumba za watu. Rangi za malori ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake likipigwa msasa mkavu huruka hadi kwenye nguo zilizoanikwa na mchanga wanaochezea watoto, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Piga msasa kwa maji, tandika karatasi ya plastiki chini, kusanya mabaki, na watoto wakae mbali.

Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina zina kemikali zinazoweza kuleta pumu ya kudumu kwa anayepuliza. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Fundi anahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali na mahali penye hewa.

Kuna pia desturi ya kupaka oili chafu chini ya lori ili kuzuia kutu. Oili hiyo ina masizi na kemikali zinazodhuru ngozi, hulainisha raba zile zile ulizonunua, na mvua ya kwanza huiosha. Mitaro ya Eastlands huishia Mto Nairobi au Mto Ngong, na maji hayo huingia Mto Athi, ambako watu hunyunyizia mashamba. Ihifadhi oili kwenye mtungi na uikabidhi kwa mkusanyaji aliyesajiliwa. Kwa chini ya lori, tumia nta au rangi ya lami iliyokusudiwa kazi hiyo, juu ya chuma safi na kikavu.

SHERIA NA UKAGUZI

Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ambayo ina kituo Barabara ya Likoni, Eneo la Viwanda. Mkaguzi hutazama pia bodi: mlango usiofunga vizuri, ukingo wenye makali au sakafu iliyotoboka ni sababu ya kurudishwa. Ukibadilisha rangi ya lori au aina ya bodi, taarifa hizo zibadilishwe katika kumbukumbu za usajili kupitia eCitizen. Polisi akikuta lori la bluu lenye kumbukumbu za lori jeupe, maelezo yatakuwa marefu.

Kwa vijana wanaojifunza kazi hii gerejini bila cheti, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la III, II na I. Ujuzi ulio mkononi ukiwa na cheti humfungulia kijana mlango wa kampuni na zabuni.

KALENDA YA MWENYE LORI

Februari, kabla ya mvua ndefu: kagua raba za vioo na milango, fungua matundu ya kutolea maji, pulizia nta.

Juni, mvua zikiisha: ondoa mikeka, osha tope lililoshikamana chini na pembeni, kausha sakafu kwa jua la siku nzima.

Septemba, kabla ya mvua fupi: rudia ukaguzi wa Februari, na utie grisi kwenye bawaba.

Baada ya kila safari ya pwani: osha chini ya lori kwa maji safi.

Kila Jumamosi: mkwaruzo wowote uliofika kwenye chuma upakwe praima, hata kwa brashi ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kebini hujengwa kwa bati, gesi na siku ambazo lori halikutoka.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI, ULIZA

1. Je, umekata hadi chuma kizima? Nionyeshe kabla ya kupaka chochote.
2. Je, praima imetangulia puti?
3. Je, mlango unafunga vizuri hata kabla ya kurudisha chuma cha kufuli?
4. Je, mapengo ya kulia na kushoto yanalingana kwa kipimo?
5. Je, matundu ya maji yako wazi na nta imeingia ndani ya vizingiti?

Fundi mwema hatakasirika kuulizwa. Kisha mwaga ndoo ya maji juu ya paa, keti ndani ukiwa umefunga milango, na upapase sakafu kwa mkono. Ikiwa kavu, lipa.